Mama Amehama Duka

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na presha imetulia. Huku kwenye tawi jipya mambo yanakwenda, ingawa mafundi wa umeme wananizungusha kama pia. Wakisema kesho, ujue ni wiki ijayo. Mimi nalala chumba cha nyuma ya stoo, katikati ya maboksi ya mafuta ya kupikia, na nguo zangu zote zinanukia chipsi.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Dereva wa lori letu atakuletea hii, na jibu mpe yeye.

Mama, nimeletewa habari nikaicheka kwanza. Shemeji yangu, msimamizi wetu hapo dukani, anasema tangu mwezi uliopita hujaingia. Tena anakuona kupitia kioo: unapita mbele ya mlango wetu na kikapu chako, unavuka barabara, unaingia kwa Mkono wa Birika! Jamani, Mama! Mimi mwanao uliyenizaa nina sukari, nina sabuni, nimekwambia mara ngapi uchukue unachotaka bure, halafu unakwenda kumlipa mshindani wangu, tena kwa bei ya juu? Mtaa mzima unanicheka.

Kama unalalamikia bei wanayolipa wazee wenzako, nimeshalimaliza hilo. Kuanzia wiki hii kila Jumatano mteja mwenye umri wa miaka sitini na kuendelea anapata punguzo. Wataalamu wa biashara wanasema mzee akiingia dukani anaangalia bei, basi. Tumebandika tangazo mlangoni, picha ya bibi anacheka, meno yote yapo. Na kama kuna mtu amekukosea heshima, nitajie tu.

Rudi nyumbani, Mama. Duka lile ni lako.

Kitindamimba wako


Tarehe 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha yangu iko sawa, angalia ya kwako.

Simu sipokei kwa sababu ukisikia jambo gumu unasema "Mama, nina mkutano," unakata. Barua haina mkutano.

Hao wataalamu wako wana umri gani? Mwambie huyo anayesema mzee anaangalia bei tu, aje kwangu tuzungumze. Bei naiangalia, ndiyo, pensheni yangu si mto. Lakini naangalia na mizani kama imechezewa. Naangalia kama mchele umechanganywa. Naangalia nani kaumia mpaka kitu kikanifikia mkononi. Nilipokuwa kijana sikuwa na nafasi hiyo; nilinunua palipokuwa karibu, kwa haraka, na wewe mgongoni unalia. Sasa nina muda wa kuchagua, na miguu bado inavuka barabara.

Nikueleze ulivyonihamisha. Zamani makeshia wako walikuwa na stuli. Uliporudi kutoka kwenye semina yako ukaamuru zitolewe, eti keshia aliyekaa anaonekana mvivu. Nikanyamaza. Nikasema mtoto anajaribu mambo ya wakubwa, ataacha. Mwezi uliopita nikadondosha sarafu pale kaunta ya pili, nikainama kuiokota, nikaona viatu vya yule binti. Amevichana pembeni kwa wembe, huku na huku, ili miguu ipate nafasi. Imefura imetokeza kwenye ile mipasuko kama unga ulioumuka. Naye huko juu anatabasamu: "Karibu tena, Mama."

Nililipa nikatoka. Miguu ile naijua. Nimepiga pasi mashuka ya hoteli nimesimama mpaka wewe ukamaliza shule. Nikiingia dukani kwako miguu inaniuma kabla sijafika hata kwenye rafu za chumvi. Weka viti, nitarudi.

Mkono wa Birika ni bahili kweli, dengu anazipima kama dawa. Lakini wafanyakazi wake wanakaa. Nilimuuliza kwa nini, akasema keshia aliyechoka anakosea chenji. Si sababu ya kumpeleka peponi, lakini watu wamekaa.

Na huyo binti usimguse. Hajaniambia neno lolote.

Mama yako


Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya ngazi na fundi umeme, lakini nimeelewa. Kumbe ni miguu! Mbona hukusema mapema? Mimi nilikuwa nawaza mambo makubwa kumbe ni kiti tu.

Nimempigia shemeji palepale. Kiti kimeshafika. Si kiti cha plastiki, Mama, ni cha sofa, rangi ya maziwa, kina hata pa kuegemeza kichwa. Kiko mlangoni, chini ya feni, na tumekiandika "Kiti cha Mama". Ukifika unakaa, unataja unachotaka, msichana anakukusanyia na kukuletea hapo hapo. Ukiwa hupo, wazee wenzako wanaruhusiwa kukikalia. Shemeji anasema watu wanakipiga picha.

Umeona? Mwanao anasikia.

Kitindamimba wako


Tarehe 14 Machi

Wewe mtoto,

Barua yangu uliisoma au uliinusa?

Nimekwenda kukitazama hicho kiti. Kizuri, sikatai. Nimekikuta kimekaa peke yake kinapepewa na feni, na wafanyakazi wote wamesimama wanakitazama. Nikaona haya hata kukigusa. Shemeji yako akaja mbio na mto mkononi. Nikamwambia, baba, mpelekee yule wa kaunta ya pili. Akacheka, akadhani bibi ana utani.

Sasa nakuandikia kwa herufi kubwa, uisome hata ukiwa juu ya ngazi: VITI NI VYA MAKESHIA. Mimi nina viti kwangu.

Na kabla shemeji yako hajakupelekea umbea, nikuambie mwenyewe. Wenzangu ninaotembea nao asubuhi waliniuliza kwa nini siku hizi navuka barabara. Sikumkataza mtu kununua kwako. Nilisema tu nilichokiona nilipoinama. Basi wakaenda kuinama. Mwalimu mstaafu alidondosha miwani. Mkunga alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na huyo ana nyonga mbovu, kuinuka ilikuwa kazi. Wote wamehama. Tunavuka barabara kwa kundi siku hizi, magari yanasimama.

Lile punguzo lako la Jumatano tumelizungumza pia. Mkunga akauliza: limetoka miguuni kwa nani?

Mama yako


Tarehe 19 Machi

Mama,

Nimekaa siku nzima nikijizuia kuandika, nimeshindwa.

Jumatano duka lilikuwa tupu. Wazee ndio wananunua asubuhi, wakiondoka wao na watoto wao wanawafuata, wanauliza "kule kuna nini?" Watu wa benki watakuja mwisho wa mwezi kulitazama duka la kwanza kabla hawajanipa pesa za hili la pili. Wakikuta tupu, mimi nimekwisha. Nitafunga yote mawili. Na atakayekuwa amenimaliza si Mkono wa Birika, ni mama yangu mzazi. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikasimama, leo unanikata miguu mbele ya watu. Inaniuma, Mama. Inaniuma sana.

Halafu usiniambie habari ya kuinama. Kuna mtu amekulalamikia, akakutumia wewe kwa sababu anajua sitakukatalia. Shemeji amechunguza, hakuna mwingine zaidi ya huyo wa kaunta ya pili. Nimeamuru asimamishwe kazi. Labda sasa maneno yatapungua.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mama wa Mwenye Duka,

Shikamoo. Mimi ni yule wa kaunta ya pili. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wako kwa sababu nikikuona uso kwa uso nitakuheshimu, na leo sitaki kukuheshimu kabla sijamaliza.

Nasikia unaniita binti. Nina watoto wawili, mkubwa ananipita urefu. Nasikia pia unanipigania. Asante. Lakini Mama, nani alikutuma? Uliinama ukaona viatu vyangu, ukainuka, ukaondoka. Hukuniuliza hata "mwanangu, vipi miguu?" Ungeniuliza, ningekwambia naumwa. Ningekwambia nataka stuli yangu. Ningekwambia pia kwamba watoto wangu wanakula kwa miguu hiyo hiyo, na kwamba msimamizi akikasirika hamtafuti mwenye kosa, anatafuta aliye karibu.

Mimi sikukulalamikia. Wewe unajua. Lakini nimeachishwa kwa ujumbe wa simu, mstari mmoja, nikiwa kwenye foleni ya maji. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi yenyewe ndiyo hii iko nyumbani inatazama ukuta. Wewe ukisusa duka unavuka barabara tu. Mimi nivuke niende wapi?

Rudi ununue, Mama. Wenzako warudi. Labda wataniita tena.

Wa Kaunta ya Pili


Tarehe 22 Machi

Mama mwenzangu (binti nimeacha),

Umenipiga, na umenipiga palepale panapostahili. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili nikaenda kupiga deki nyumba nzima, maana nikikosea huwa napiga deki. Ni kweli. Niliona nina macho, nikasahau wewe una mdomo. Nisamehe.

Lakini kununua sirudi bado, na nikueleze kwa nini, si kwa kiburi. Nikirudi leo, mwanangu atajifunza kwamba akimfukuza mtu mmoja wazee wote wanarudi kwenye mstari. Akijua hivyo, kesho atamfukuza mwingine. Namjua, nimemlea, jambo likimfaa mara moja analifanya kila siku.

Basi sasa nakuuliza, nimechelewa lakini nakuuliza. Wewe unataka nini? Utakachosema ndicho nitakachokidai, sitaongeza chumvi yangu.

Bibi wa kuinama


Tarehe 23 Machi

Mama,

Umeuliza, najibu.

Nataka kazi yangu. Kaunta ile ile, nimeizoea. Droo yake inakwama, lazima uigonge kwa goti, wengine hawajui. Nataka stuli, na wenzangu wapewe, kwa sababu nikikaa peke yangu watanichukia. Na yule aliyeniachisha aje aniambie kosa langu machoni. Kama lipo nitalikubali.

Lakini mwenye duka hashindwi na barua, Mama. Ukimwandikia tena atakununulia kitanda.

Wa Kaunta ya Pili


Tarehe 24 Machi

Kwa Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KESHIA

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimepata habari kwamba keshia wa kaunta ya pili amesimamishwa kazi. Kwa maoni yangu alikuwa amesimamishwa siku nyingi. Hata hivyo nafasi iko wazi, nami naiomba.

Umri wangu ni miaka sabini na ushee. Kusoma na kuandika najua. Hesabu najua, aliyekufundisha kujumlisha ni mimi, kwa maharagwe. Uzoefu wangu mkubwa ni wa kusimama, ambao naona ndio unaotakiwa zaidi katika kampuni yako.

Nitaanza kesho asubuhi. Jibu sisubiri, lori linachelewa. Shemeji yako akitaka kunizuia mlangoni itabidi amsukume mama wa mwenye duka mbele ya wateja, nami nitapiga mayowe, na sauti yangu unaijua. Naahidi utii kwa sheria zote za duka, hasa ile ya kutokukaa.

Wako mtiifu,
Mwombaji
(mama yako)


Tarehe 26 Machi

Mama,

Nimemtuma dereva usiku huu huu. Toka kwenye kaunta! Shemeji amenipigia karibu alie. Anasema umevaa aproni na kofia ya duka mpaka kwenye nyusi, anasema amekuletea kile kiti cha sofa kwa mikono yake ukamwambia "sheria ni sheria, msimamizi." Anasema wenzako wamejipanga mpaka barabarani, wote kaunta yako, kila mmoja ananunua kiberiti kimoja na kuuliza bei ya vingine vyote, na makeshia wengine hawana mtu.

Mama, presha yako! Ukianguka pale mimi nitasema nini kwa ndugu zangu? Nitawaambia mama alikufa akiuza viberiti? Umeshinda, sawa, rudi nyumbani tuzungumze.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Bosi,

Kuacha kazi katikati ya zamu ni utovu wa nidhamu.

Chenji sijakosea hata moja. Droo inakwama kweli, goti langu limeota alama. Leo kabla ya saa sita macho yangu yaliona nyota kidogo, nikashika kaunta mpaka zikapita. Sikufichi, niliogopa. Mteja mmoja kijana akaniambia, "Bibi, changamka." Nikachangamka.

Unasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Mwenzangu bado yuko nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu, nami nakilalia kwa ajili yako. Ukitaka nitoke, njoo unitoe mwenyewe. Shemeji yako hana ubavu.

Kaunta ya pili


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Miguu yako vipi? Dada yangu anasema bado unailowesha kwenye maji ya chumvi na kwamba hutaki kuzungumza habari za dukani.

Siku ile nilipokuja sikusema chochote njiani, na wewe hukusema. Ulikaa kwenye gari umevua viatu. Nilishindwa hata kuwasha redio. Sasa niko peke yangu hapa stoo nataka niliandike jambo lile, maana nisipoliandika nitalisahau kwa makusudi.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na hasira, nimeendesha gari tangu alfajiri nikipanga maneno. Nikawaona makeshia kwa mgongo, wote kofia na aproni moja. Mmoja ameegemea kaunta kwa kiwiko, anainua mguu huu anashusha, anainua ule. Nikasahau nilichokuja kufanya. Nikasema kwa sauti, mbele ya wateja, "Wewe, simama wima, watu wanakuona!"

Mama, hukugeuka. Ulinyooka. Ukasema, "Samahani, bosi."

Ndipo nikaitambua sauti.

Sikuwahi kukuona kazini. Katika utoto wangu wote wewe ulikuwa ukirudi jioni umeshaoga, unacheka, unauliza habari za shule. Nilidhani kupiga pasi ni kitu kama kuchemsha chai. Sijui ni wangapi walikusemesha vile kwenye kile chumba cha mashuka, na ni mara ngapi ulinyooka. Ningemkuta mtu anakwambia vile ningempiga. Sasa nimpige nani?

Watu wa benki walikuja juzi, hawajasema lolote. Stuli zimo kwenye lori hili, moja kwa kila kaunta. Naomba unisamehe, Mama.

Kitindamimba wako


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Nilishakusamehe ukiwa bado unajifanya unafuta kioo cha gari ili nisione unalia. Wewe ni wangu, hata ukinikosea ni wangu.

Ila barua hii umeipeleka mlango usio wake. Mimi neno lile nimeambiwa na wewe mara moja, nikajisikia nimekuwa kitu, kama toroli lililoachwa njiani. Lakini nilijua anayesema ni mwanangu, na jioni naweza kumvuta sikio. Mwenzangu ameambiwa hivyo miaka yote, na angerudi nyumbani amvute nani sikio?

Nenda kwake. Si kwa simu, si kwa kumtuma shemeji, na usibebe zawadi. Ukibeba mchele atadhani unamnunua, na mimi nitadhani hivyo hivyo. Kosa lake unalijua wewe, kamwambie. Kama huna la kumwambia, kamwambie hilo.

Benki wakikupa, wakikunyima, nitakuombea vilevile. Lakini kikapu changu ni changu. Akirudi kaunta ya pili, nitarudi. Asiporudi, barabara nimeshazoea kuivuka.

Mama yako


Tarehe 9 Aprili

Mama mwenzangu,

Shikamoo. Najua utataka kusikia kwangu kabla hujasikia kwake.

Alikuja jana mchana, peke yake, mikono mitupu. Nilikuwa nimekaa nachambua mboga. Kiti cha pili kilikuwa pale pale mbele yangu, na wala hakikuwa na kitu juu yake. Sikumkaribisha. Akasimama mlangoni, jua linampiga kisogoni, akaanza kuongea. Alianza na shemeji yake. Nikamwambia hapana, anza na wewe. Akaanza upya, na yeye mwenyewe.

Alisema mengi, Mama, na sikumsaidia hata neno. Mboga nilizimaliza nikaanza kuzichambua upya. Nikamwona anainua mguu huu anashusha, anainua ule. Aliposema sina kosa, na kwamba alijua sina kosa siku ile ile aliyoniachisha, nikamtazama machoni, naye hakuyakwepesha.

Nikamwambia, "Karibu ukae." Alikaa haraka mpaka nikacheka. Naye akacheka, akajishika magoti.

Naanza Jumatatu.

Wa Kaunta ya Pili